Ndala Moja Kikuletwa

"Mama, umepoteza nini?"

Mzee alisimama juu ya tuta la mfereji, jembe begani, buti za mvua zimemfika karibu na magoti. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mzizi wa mkuyu, miguu majini, mikono mitupu. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba lakini hakuondoka, maana swali lake lilikuwa bado halijajibiwa. Nikamwambia sijapoteza kitu. Unamsubiri mtu? Hapana. Unaumwa? Hapana, baba, nimekaa tu. Akautazama mto upande wa juu, akautazama upande wa chini, kisha akasema, "Haya, kaa," kwa sauti ya mtu anayemruhusu mtoto achezee kitu kisichovunjika.

Alipoondoka nilicheka peke yangu, ila swali lake lilibaki pale pale. Ukimkuta mtu mtoni huku kwetu, ana ndoo, au ana karai la nguo, au ana ng'ombe, au ana jembe, au ana ndoano. Mtu mzima aliyekaa mtoni bila chochote mkononi ana jambo linamsumbua, na akizidisha muda ataitiwa balozi wa nyumba kumi. Mimi nilikuwa nimekwenda kupumzika. Hata kuliandika neno hilo naona haya kidogo. Nyumbani kwetu safari ina sababu: msiba, harusi, kipaimara, au Desemba, ambapo Wachaga wote duniani wanarudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, na Noah zinapandisha nauli. Safari ya kwenda tu kuangalia maji yakipita, mama yangu angeiombea.

Lakini Juni ilikuwa imenimaliza. Nafanya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, na anayejua biashara hiyo anajua Juni ni mwezi gani. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30, halmashauri zinakimbiza bajeti zisirudi, na wakandarasi wote wanataka saruji na nondo siku moja, na wote wanataka risiti ya mashine yenye tarehe ya jana. Kufikia wiki ya kwanza ya Julai nilikuwa nasoma namba za magari barabarani na kuzijumlisha. Rafiki yangu wa stoo ndiye aliyeniona. Akasema Sabasaba inaangukia Ijumaa mwaka huu (ilikuwa 2023), twende kwa shangazi yangu, ameolewa kule bondeni, mto uko nyuma ya nyumba. Nikamuuliza kuna nini huko. Akasema, "Hamna kitu." Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Rafiki huyu ni mzaliwa wa Maji ya Chai, na akicheka huna haja ya kumuuliza kwao ni wapi. Maji mengi ya upande ule wa Meru yana floridi nyingi. Ukiyanywa utotoni, meno yanaota na rangi ya kahawia, na yakizidi yanafika hadi kwenye mifupa. Mwenyewe anasema cheti chake cha kuzaliwa kiko mdomoni. Nayataja meno yake kwa sababu yanahusika na mto. Kikuletwa, tuliokuwa tunauendea, unakusanya maji ya milima miwili. Yanayoshuka Meru yanaingia humo, na yanayoshuka Kilimanjaro yanaingia humo humo. Kwa hiyo tulikuwa wasichana wawili wa milima miwili tunafuata maji yetu yanakokutania. Wasichana nasema kwa hisani. Tuna miaka arobaini na kitu.

Julai Moshi ni baridi, na mlima hatukuwa tumeuona siku tano. Hiace ya Boma Ng'ombe ilitupitisha kwenye madaraja ninayoyajua tangu utoto, Karanga, kisha Weruweru, kisha Kikafu, ambako gari linashuka korongoni, linavuta pumzi chini, halafu linapanda kwa gia ya kwanza huku abiria wanajidai hawaogopi. Mito yote hiyo mitatu ukiifuata kusini inaishia Kikuletwa. Nimepita juu ya madaraja hayo maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza maji yanakwenda wapi. Najua yanakotoka, kwa sababu yanatoka kwetu.

Boma tukashuka, tukapanda bodaboda mbili. Kuanzia hapo nchi inabadilika haraka kuliko unavyoweza kufunga kitambaa kichwani. Unaacha migomba, unaacha kahawa, unaingia kwenye migunga, minyaa na vumbi la kijivu laini kama unga wa sembe. Vumbi hilo linaingia kwenye kope. Mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma wanachuma majani ya mgunga. Unajiuliza watu wanaishije humu. Halafu kwa mbali unaona mstari mmoja wa kijani kibichi, mrefu, umejipinda, na unajua pale ndipo wanapoishi.

Njiani tulipita Chemka, kwa sababu mtu hawezi kwenda upande ule asipite Chemka, kama ambavyo huwezi kwenda Marangu usiulizwe kama umeona maporomoko. Kwa wasiojua: ni chemchemi, bwawa la bluu lililozungukwa na mikuyu na mikindu katikati ya nchi kavu kabisa. Matangazo mengi yanaiita maji moto. Si moto. Jina limetokana na jinsi maji yanavyobubujika kutoka chini kama sufuria iliyokolea, lakini ukiingia ni vuguvugu la kukufanya ugune kidogo kisha uzoee. Wengi tunaambiana maji hayo ni theluji ya Kibo imeyeyuka ikapita chini kwa chini. Inapendeza kuisimulia, ila barafu iliyobaki juu ni kidogo mno kulisha mito ya bonde zima. Kinacholisha ni mvua inayonaswa na msitu uliouvaa mlima kiunoni. Inazama kwenye miamba ya volkano yenye matundu, inasafiri taratibu, inaibukia huku tambarare. Msitu huo uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na wazee wa kwetu Machame waliokuwa wanakata kuni humo bado wanalalamika. Nami nilikuwa nalalamika nao mpaka nilipokaa kwenye maji yale.

Kwa kuwa ilikuwa Sabasaba, Chemka ilikuwa imejaa. Spika tatu zikipiga miziki mitatu. Vijana wa Arusha wakibembea kwenye kamba iliyofungwa mtini na kujiachia katikati ya bwawa, kila mmoja akipiga ukelele wake, na Mzungu mmoja akipiga picha zote. Dada mmoja aliyekuwa anatimiza miaka kadhaa alimwagiwa maji na keki kwa pamoja. Sitaki kuwasema vibaya. Nilipanda kwenye ile kamba mara mbili. Nilikaa ukingoni samaki wadogo wakanidonoa nyayo, nikacheka kama mtoto. Lakini baada ya saa moja kichwa kilianza tena kujumlisha, safari hii spika, na rafiki yangu akasema twende, jua lisituache.

Jina la kijiji cha shangazi sitaliandika. Shangazi mwenyewe ameniambia nikileta watu na maspika atanikana mbele ya kanisa. Kiko chini zaidi, mto ukiwa umeshakuwa mto wa kawaida, wa rangi ya chai ya maziwa, hauna bluu wala kiingilio. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, bati limeshika kutu upande mmoja, na nyuma yake kuna shamba la vitunguu, kisha mfereji, kisha mikuyu, kisha maji. Tulifika jua linazama. Shangazi alikuwa anaparua perege, samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu anayeletwa na kijana wa baiskeli. Akatuangalia kuanzia miguuni kwenda juu. "Mmekonda," alisema, na kwa wanawake wenye kilo zetu hayo ni mapenzi.

Jumamosi asubuhi ndipo nilipokwenda kukaa kwenye mzizi na kuulizwa nimepoteza nini.

Ukikaa sehemu moja mtoni kutwa, unagundua mto una ratiba kama stendi. Alfajiri ni ya wanawake na ndoo, ingawa maji ya kunywa hawachoti hapo, wanayanunua bombani. Ya mto ni ya kufua, kuogea na mifugo. Kama saa mbili wanakuja wa kufua, wana mawe yao, na mgeni akikalia jiwe la mtu ataambiwa kwa upole kwamba lile lina mwenyewe. Saa tano hivi ng'ombe wa Wamasai wanateremka kwenye njia yao, vumbi linatangulia, kengele zinafuata. Kijana aliyekuwa nao alinisalimia, akasimama kwa mguu mmoja ameegemea fimbo, na huyo ndiye mtu pekee ambaye hakuniuliza nafanya nini. Naye kazi yake ilikuwa kusimama. Tulisimama na kukaa pamoja karibu nusu saa, hatukusemezana, ng'ombe wakinywa kwa midomo iliyofungwa kama watu wanaoonja uji wa moto. Mchana hakuna mtu. Hapo mto unabaki na wenyewe: mdiria juu ya tawi lake anayetumbukia kama jiwe na kurudi na kitu kinachometa mdomoni, yangeyange kwenye kina kifupi, na kenge mmoja mrefu kama mkono wangu aliyetoka kwenye matete, akanitazama, akaona si kitu, akaendelea na shughuli zake.

Saa tisa wanakuja watoto, na mchana umekwisha.

Shangazi alinipa sheria zake kabla sijaloa kidole. Hapo kwenye mkuyu, maji yanakimbia, weka miguu. Pale kwenye dimbwi lililolala, usikanyage, kuna konokono, na konokono ndio wenye kichocho. Minyoo yake inapenya ngozi bila wewe kuhisi. Kule chini kuelekea bwawani usiende kabisa, kuna mamba. "Mto si beseni," alisema. Mimi ni mtiifu, lakini naandika hivi ili nawe usome: ukiwa na hamu ya kuogelea kwenye maji ya tambarare, muulize mwenyeji kwanza, na ukirudi mjini kapime.

Kuhusu intaneti, najua mnasubiri niseme hakukuwa na mtandao, simu ilikufa, nikajipata upya. Mtandao ulikuwepo, umejaa kuliko ofisini. Mnara unaonekana juu ya migunga. Bosi alipiga saa sita mchana kuuliza stakabadhi ya mifuko 200 ya saruji iko wapi, nami nikapokea miguu ikiwa majini, nikamwelekeza faili, kabati, rafu ya pili. Akauliza, "Mbona kama kuna maji?" Nikasema nafua.

Mchana ule mzee alirudi. Safari hii aliketi, mbali kidogo, akachomoa ugoro. Nikajua kwamba yeye ndiye mgawa maji wa mfereji ule, mtu anayeamua nani anafungua na saa ngapi. Kazi hiyo haina ofisi, ina jembe na tochi. Mfereji una kamati, una daftari, na wenyewe wako kwenye jumuiya ya watumia maji inayotambuliwa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ile yenye ofisi zake Moshi. Mimi hupita mbele ya ofisi hizo na sikuwahi kujua zinafanya nini. Nilimwonyesha mahindi yaliyokuwa yamepandwa hadi karibu na ukingo. Kwa kimbelembele cha mtu wa mjini, nikamwambia Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni zisiguswe kwa shughuli za kudumu. Asubuhi nilikuwa nimehesabu hatua kutoka mkuyu hadi shina la kwanza la mahindi. Zilikuwa 9.

Mzee alitema, akafikiri. "Mita 60 za kwangu," alisema, "zinaishia chumbani."

Akaeleza taratibu, bila hasira. Shamba lake lote kutoka mto hadi nyumba ni hatua hamsini na kitu. Anajua miti ikikatwa ukingo unamomonyoka. Masika moja mto ulimla matuta manne kwa usiku mmoja, na ndiyo maana mkuyu niliokuwa nimeukalia haujaguswa na hautaguswa, yeye mwenyewe amemkatalia mtu wa mkaa mara mbili. Lakini mahindi ayahamishie wapi? Sikuwa na jibu, na tangu hapo sijapata. Naona sheria ina haki na mzee ana haki, na katikati yao kuna mto usiotaka kujua.

Usiku shangazi alituambia tulale mapema, zamu yake ni saa nane.

Nilidhani anatania. Saa saba na nusu aliniamsha kwa kunishika mguu, akanipa tochi ya kichwani na koti la marehemu mumewe. Nje kulikuwa na baridi ambayo sikuitegemea tambarare. Nikatazama bondeni, na mto niliousifia ukimya mchana kutwa ulikuwa na taa. Moja kule, mbili huku, moja inatembea kando ya mfereji. Watu wako kazini. Maji ya mfereji hayatoshi mashamba yote kwa pamoja, kwa hiyo wiki nzima imekatwa vipande vya saa, na saa hazina adabu ya kumchagulia mtu mchana. Shangazi ana saa tatu, saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa nusu eka ya vitunguu. Akizikosa, anangoja wiki ijayo, na kitunguu hakingoji.

Mzee alikuwa amesimama kwenye banio, simu mkononi. Saa inayohesabika ni ya simu yake, si ya mtu mwingine. Tulisubiri kimya. "Haya, mama," alisema, na shangazi akaingia kwenye matope kama msichana wa miaka ishirini. Hakuna lango la chuma pale. Kuna viroba vilivyojazwa mchanga, majani ya migomba na udongo uliogandamizwa kwa nyayo. Akavuta kiroba cha kwanza, cha pili, cha tatu akaniambia nishike. Maji yalisita kidogo, kama mtu aliyesimama mlangoni anasubiri kukaribishwa, kisha yakageuka, yakaja kwetu.

Udongo uliokauka wiki nzima ukinywa maji hutoa mlio. Nilikuwa nimeusahau. Ni kama kuunga mafuta ya moto, lakini kwa mbali, chini ya ardhi: mapovu madogo yanatoka kwenye nyufa, yanapasuka, na harufu inapanda, ile ile ya mvua ya kwanza ya vuli. Sisimizi wanapanda kwenye mashina ya vitunguu wakiwa na mayai yao. Nyenje anaruka kwenye mwanga. Maji yanajaza jaruba moja, shangazi anapiga jembe mara mbili, anafunga hapa, anafungua pale, yanakwenda jaruba la pili. Hasemi. Anasikiliza. Alijua jaruba limejaa kwa sikio, mimi nikiwa bado namulika tochi kutafuta mwisho wa maji.

Babu yangu Machame alikuwa na siku yake ya mfongo. Hilo nalo nilikuwa nimelisahau, au nililiweka mahali. Mifongo ya kwetu Wachaga walichimba mababu, inaning'inia ubavuni mwa korongo, inatoa maji mtoni kwa juu na kuyaleta migombani, na siku ya maji watoto hatukuruhusiwa kulala hadi mgomba wa mwisho unywe. Nilikuwa nalia usingizi nikiwa nimeshika jani la mgomba mferejini. Halafu nikasoma, nikapata kazi, nikaanza kuuita mto mahali pa utulivu.

Ilikuwa karibu saa kumi nilipokanyaga vibaya. Mguu ukazama kwenye tope hadi kifundoni, nikauvuta, ukatoka bila ndala. Ndala ikaelea, ikazunguka mara moja kwenye mwanga wa tochi yangu, ya bluu, mkanda mweupe, mpya, nilikuwa nimeinunua sokoni Mbuyuni siku mbili kabla. Nikainama kuifuata.

"Iache!" shangazi alisema. "Maji yanakwenda!"

Nikaiacha. Ikapita chini ya magugu, ikaenda.

Nilipolala tena, kumepambazuka na mikono inauma, niliisindikiza ile ndala kwa mawazo. Nilijiambia itatoka mferejini irudi Kikuletwa. Itapita kando ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini. Itaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako Kikuletwa unakutana na Ruvu unaotoka Ziwa Jipe, na kuanzia hapo jina linakuwa Pangani. Ikibahatika kupenya mitambo ya bwawa, yenye megawati 8 tangu 1968, itapita kinamasi cha Kirua, itapita Korogwe, itafika Hale, megawati 21 tangu 1964, kisha mitambo ya Pangani, megawati 68, ya 1995, halafu mji wa Pangani wenyewe, minazi, na bahari. Karibu kilomita 500. Niliona raha kubwa kufikiri kwamba kitu changu kimepita njia yote hiyo, kwamba maji yaliyoogesha migomba ya babu yanawasha taa ya mtu Tanga na sasa yamebeba na ndala. Niliilaza hadithi hiyo vizuri kichwani, nikapanga nitakavyoiandika hapa, nikalala hadi saa nne.

Jumapili hiyo hatukwenda kanisani, na shangazi hakutulaumu. Alisema Mungu alikuwepo saa nane usiku akatuona. Tulikunywa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Rafiki yangu alisuka nywele za mtoto wa jirani. Mimi nikiwa na katambuga za kuazima, kubwa kwangu namba mbili, nikarudi kwenye mzizi wangu kuagana na mdiria, kwa kuwa Hiace ya mwisho ya kutoka Boma si ya kuichezea.

Nikasikia buti.

Mzee alikuja na jembe begani, na kwenye ncha ya mpini ilikuwa imening'inia ndala ya bluu yenye mkanda mweupe. Haikuwa imeona Nyumba ya Mungu. Ilikuwa imekwenda mashamba manne. Ilikwama kwenye kipande cha bomba kinachopitisha maji chini ya njia ya ng'ombe, ikakusanya majani, ikaziba kabisa, na maji ya jirani mwenye zamu iliyofuata yalimwagikia njiani kwa robo saa kabla hajajua. Robo saa nzima ya maji, alfajiri, imenywesha njia ya ng'ombe.

"Hii ndiyo uliyokuwa umeipoteza?" aliuliza.

Nikasema ndiyo, baba. Aliitundua, akaiweka kando yangu kwa heshima zote. Kisha akanieleza kwamba mfereji una sheria ndogo na kuziba bomba kuna faini, elfu kumi, inaandikwa kwenye daftari. Shangazi, ambaye alikuwa anasikia akiwa jikoni, alipaza sauti: huyo ni mgeni! Mgeni hatozwi faini! Mzee akalipokea jambo hilo, akalifikiria kwa haki.

"Amekuja lini?"

"Ijumaa," shangazi alijibu.

"Ijumaa," mzee alisema, akakunja kidole. "Jumamosi." Akakunja cha pili. Akakitazama cha tatu, akanitazama mimi, na kabla hajamaliza nilikuwa nimeshaelewa, kwa sababu methali hiyo tumefundishwa wote darasa la pili: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Akanipa jembe. Akaonyesha kipande cha mfereji kilichojaa magugu, kutoka tulipo hadi kwenye mkindu uliopinda, hatua kama thelathini. Nikavua katambuga, nikataka kuingia.

"Kuna konokono humo," alisema. Akaketi kwenye mzizi wa mkuyu, akavua buti zake moja baada ya nyingine, akanisogezea, na miguu yake akaitia kwenye maji yanayokimbia.

"Mpaka kwenye mkindu," alisema. "Taratibu, usiharibu ukingo."